Uzi: Kupanga apatimenti yenye umeme na maji ndani ya kodi, Mbezi Beach hadi Ununio na Kigamboni

Wanajamvi, nawasalimu.

Nimeona nianzishe uzi unaojitegemea kuhusu apatimenti zinazopangishwa kwa kodi ambayo ndani yake mna umeme, maji, ulinzi, uzoaji taka na wakati mwingine intaneti, kwa kuwa mpango huu umeenea sana katika ukanda wa pwani wa Dar es Salaam, kuanzia Mbezi Beach na Kunduchi hadi Bahari Beach na Ununio, na ng'ambo ya pili kule Kigamboni. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Kodi ya namna hii inaweza kuwa nafuu na inaweza kuwa ya haki. Kinachomuumiza mpangaji ni kuilipa yote kwa mkupuo wa miezi sita au mwaka, kwa sababu anakuwa amelipia umeme na maji ambayo bado hayajatumika, na fedha hizo amemkabidhi mtu ambaye si TANESCO, shirika la umeme, wala DAWASA, mamlaka ya maji.

Tuchukue mfano wa apatimenti ya vyumba viwili ambayo mwenye nyumba anaipangisha kwa Sh600,000 kwa mwezi mpangaji akijilipia bili zake, na Sh750,000 bili zikiwa ndani. Dalali atakwambia kwamba tofauti ni Sh150,000 tu. Lakini mwenye nyumba anataka miezi sita, kwa hiyo unatoa Sh4,500,000 siku moja, na ndani ya fedha hizo Sh900,000 si kodi ya pango hata kidogo, bali ni huduma za miezi inayokuja. Juu yake kuna malipo ya dalali, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na dalali huyo hatapiga hesabu ya Sh600,000 bali ya Sh750,000, kana kwamba umeme nao ameutafuta yeye.

Baada ya hapo mpangaji hana mkono tena. Umeme wa LUKU hununuliwa kabla ya kutumika, kwa hiyo mwenye nyumba anapaswa kukumbuka kuununua kila unapokaribia kwisha. Maji ya DAWASA hulipiwa baada ya kutumika, kwa hiyo mwenye nyumba anapaswa kukumbuka kulipa ankara inapotoka. Asipokumbuka, au fedha zikiwa zimekwenda kwenye ada za watoto na mabati ya nyumba nyingine anayojenga, atakayekaa gizani na atakayekatiwa maji ni yule aliyekwisha kulipa kila kitu. Niliwahi kuishi Kunduchi katika jengo la namna hiyo, ambalo wapangaji wote tulikuwa tumelipa bili ndani ya kodi, na siku mafundi wa maji walipokuja kukata huduma kwa deni la mwenye nyumba hatukuwa na karatasi yoyote ya kuwaonyesha, kwa kuwa mkataba ulisema tu kwamba "huduma zote zimejumuishwa". Tulichanga wenyewe, tukalipa deni, na fedha hizo hazikurudi.

Wengine watauliza kama sheria haimlindi mpangaji. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji Tanzania Bara umekuwa ukitegemea Sheria ya Ardhi pamoja na kile ambacho wawili hao wamekiandika. Ndiyo maana neno lisiloandikwa kwenye mkataba lina gharama kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Sasa tuangalie Sh150,000 hizo zinanunua nini, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapojua kama amepata au amepigwa. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mtumiaji wa kawaida aliye katika kundi la T1 analipa Sh292 kwa uniti, na ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji), uniti moja inafika takriban Sh356. Friji, taa, televisheni, feni mbili na pasi ya mara kwa mara zinaweza kula uniti 100 kwa mwezi, yaani kama Sh36,000. Ukiongeza kiyoyozi cha chumbani kinachovuta kilowati moja, na ukakiwasha saa nane kila usiku, kinaweza kufika uniti nane kwa usiku kikifanya kazi bila kupumzika, na kwa mwezi mzima hizo ni kama Sh85,000. Kwa maneno mengine, mtu asiyetumia kiyoyozi akilipa Sh150,000 za huduma anawalipia wengine, na mtu anayelala na kiyoyozi kila usiku huku akipata maji, ulinzi na uzoaji taka ndani ya kiasi hicho hajaonewa.

Kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui na ambalo hubadilisha hesabu hiyo. TANESCO ina kundi la D1 kwa ajili ya nyumba zinazotumia umeme kidogo, ambapo uniti 75 za kwanza za mwezi ni Sh100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na uniti zinazozidi hapo ni Sh350. Mpangaji anayeishi peke yake, mwenye mita yake na friji ndogo, anaweza kuangukia huko na kutumia chini ya Sh10,000 kwa mwezi. Apatimenti nne zikichangia mita moja, nafuu hiyo haipo tena, kwa kuwa matumizi ya jumla yatakuwa mamia ya uniti. Kwa mpangaji mwenye matumizi madogo, mita ya pamoja ni hasara hata pale mwenye nyumba anapokuwa mwaminifu kabisa.

Pwani ina majira yake, na bei isiyobadilika haiyajui majira hayo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, usiku una joto na unyevu kiasi kwamba hata anayependa feni huishia kuwasha kiyoyozi. Kusi ikishaingia, Juni na Julai, unafungua madirisha na upepo wa bahari unatosha. Mwenye nyumba anayepanga bei mwezi wa Februari hupanga kwa hofu ya Februari, na mpangaji anayeingia Juni analipia joto ambalo hatalikuta mpaka Desemba. Kwa hiyo, anayeingia mwanzoni mwa kusi ana haki ya kuomba kiasi cha huduma kiwe kidogo kwa miezi hiyo, na mwenye nyumba naye ana haki ya kuomba kiongezwe wakati wa kaskazi. Nimeona makubaliano ya aina hiyo yakiandikwa kwa sentensi mbili tu na yakafanya kazi bila ugomvi.

Kabla hujatoa fedha, nenda kwenye mita. Usiridhike na kuambiwa kwamba ipo. Muombe mwenye nyumba au msimamizi akuonyeshe ni ipi, uandike namba yake, kisha uombe swichi kuu ya apatimenti yako izimwe kwa dakika chache. Taa ya mita inayomemeta ikinyamaza, inaelekea mita hiyo inahudumia apatimenti yako peke yake. Ikiendelea kumemeta, kuna kitu kingine kinachokula kwenye mita hiyo, na mara nyingi kitu hicho ni pampu ya maji ya jengo zima, taa za uani au kibanda cha mlinzi. Pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu kila siku si kitu kidogo, na ikiwa imefungwa kwenye mita ya apatimenti ya chini, basi mpangaji wa chini ndiye anayewapandishia maji majirani zake bila kujua.

Baada ya mita, nenda kwenye maji, na uyaonje. Ukanda wa kaskazini wa Dar es Salaam, yaani Mbezi Beach, Kunduchi na Tegeta, hupata maji ya bomba kutoka mtambo wa Ruvu Chini, na mto Ruvu ukipungua mgao unaanza, kama ilivyotokea Oktoba 2022. Kigamboni kwa miaka mingi ilitegemea visima, na hali ilianza kubadilika baada ya mradi wa visima virefu uliozinduliwa Novemba 2022, ingawa si kila mtaa una bomba la DAWASA mlangoni. Kwa hiyo mwenye nyumba anaposema "maji yapo saa zote", mara nyingi ana maana ya kisima chake. Karibu na bahari visima vinavyovutwa sana huingiza maji ya chumvi, na maji hayo sabuni haitoi povu ndani yake, chai inayopikwa nayo ina ladha ya magadi, hita ya bafuni huziba na kuungua, na vichwa vya bomba huota ukoko mweupe. Angalia ukoko huo kwenye bomba la bafuni. Ukiukuta, umeshajua maji ni ya aina gani kabla hata ya kuuliza. Maji kama hayo yanafaa kwa kufulia na choo, lakini utanunua madumu ya kunywa na kupikia, na gharama hiyo haimo katika "huduma zote zimejumuishwa".

Jambo la mwisho ambalo watu huona aibu kuliuliza ni shimo la maji taka. Sehemu kubwa ya vitongoji hivi haina mtandao wa mabomba ya majitaka, kila jengo lina shimo lake, na kwenye maeneo ya chini yaliyo karibu na bahari maji ya ardhini hupanda wakati wa masika, hivyo shimo lililokuwa likinyonywa mara moja kwa mwaka linaweza kujaa mapema zaidi. Uliza gari la kunyonya hulipwa na nani, na jibu liandikwe.

Kwa wanaotaka maneno ya kuweka kwenye mkataba, mimi hupendekeza kitu cha namna hii: "Kodi ya pango ni Sh600,000 kwa mwezi, nayo italipwa kwa miezi sita mapema. Mchango wa huduma ni Sh150,000 kwa mwezi, nao utalipwa kila tarehe 1 ya mwezi husika. Mchango huu unalipia umeme usiozidi uniti 250 kwa mwezi kwa mita yenye namba iliyotajwa hapa, maji ya bomba au ya boza pale bomba linapokatika, ulinzi, uzoaji taka na unyonyaji wa shimo. Huduma ikikatika kwa zaidi ya saa 48 kwa sababu ya deni la mwenye nyumba, mpangaji anaweza kulilipa deni hilo na kulikata kwenye kodi ya kipindi kinachofuata." Mkiweza, mkataba huo ushuhudiwe na wakili au angalau ofisi ya serikali ya mtaa, na kila mmoja abaki na nakala.

Karibuni kwa maoni na maswali.

Mpangaji Mtarajiwa ameandika:

Ahsante sana kwa uzi huu, mkuu. Mimi nimepata apatimenti ya chumba kimoja na sebule Ununio, nafanya kazi zangu nyumbani kwa kompyuta, na mwenye nyumba ni mama mtu mzima ambaye anasema hawezi kuhangaika kukusanya fedha kila mwezi. Anataka kila kitu kwa miezi sita, na intaneti imo ndani. Nyumba nimeipenda na mama mwenyewe anaonekana mtu mwema. Je, niiache kwa sababu hiyo tu?

Mwanzisha uzi amejibu:

Usiiache, ndugu yangu. Wema wa mama huyo ni jambo kubwa, na mpangaji anayeishi vizuri na mwenye nyumba wake ana utajiri usioonekana. Lakini mwema naye huugua, husafiri, na huwa na watoto wanaosimamia mambo yake bila kujua mlichokubaliana. Muombe jambo moja dogo: ankara ya maji na mita ya umeme viwe mikononi mwako, yaani wewe ndiye ununue umeme na ulipe maji kwa kutumia namba za mita na za akaunti alizokupa, na yeye apunguze kiasi hicho kwenye kodi tangu mwanzo. Kwa njia hiyo yeye hahangaiki kukusanya chochote, na wewe huhangaiki kumkumbusha. Wazee wengi hukubali jambo hilo kwa furaha likielezwa kwa adabu, kwa sababu kazi ya kununua umeme wa wapangaji ni mzigo kwao.

Kuhusu intaneti, usiitegemee iliyomo kwenye kodi ikiwa ndiyo inayokupa riziki. Uliza ni ya wangapi na kifaa kimewekwa kwa nani. Intaneti moja inayogawanywa kwa apatimenti sita inatosha kwa ujumbe na video za jioni, lakini haitatosha kwa mkutano wa kazi saa nne asubuhi. Weka ya kwako, na uombe ile ya jengo isihesabiwe kwenye kodi yako.

Mwenye Nyumba Kigamboni ameandika:

Nimesoma yote kwa makini na mengi ni kweli, lakini naomba na upande wetu usikike. Nina apatimenti tano na nilianza kwa kuweka bili ndani ya kodi kwa sababu wapangaji wenyewe waliomba. Nilichokutana nacho ni viyoyozi vinavyowashwa madirisha yakiwa wazi, vinavyoachwa vikifanya kazi mtu akiwa kazini, na mpangaji mmoja aliyekuwa akiuza barafu na juisi kwa friji mbili kubwa juu ya umeme wangu. Nilipohamia kwenye mchango wa kila mwezi, nikakuta kila tarehe 1 nina simu tano za kupiga na maelezo matano ya kusikiliza. Mpangaji akishalipa kodi ya miezi sita anajua siwezi kumtoa kwa Sh150,000. Sasa mnataka mwenye nyumba afanye nini?

Mwanzisha uzi amejibu:

Mzee wangu, hoja yako ni ya haki kabisa, na mpangaji aliyefanya biashara ya barafu kwa umeme wa kodi ya makazi amekukosea. Ndiyo maana kwenye maneno ya mkataba niliyopendekeza kuna kikomo cha uniti. Bila kikomo, mwenye nyumba hujilinda kwa kupandisha bei kwa wote, na yule mpangaji mstaarabu anayezima taa ndiye anayelipia barafu ya mwenzake.

Kwa tatizo la kukusanya kila mwezi, dawa ninayoiona ni dhamana. Mpangaji aweke mchango wa huduma wa miezi miwili mwanzoni, ukae kama dhamana, kisha aendelee kulipa kila mwezi. Akichelewa, unakata kwenye dhamana na kumtaka airudishe mwisho wa mwezi. Akiondoka bila deni, anarudishiwa. Hapo umepata ulinzi wa Sh300,000 badala ya kushikilia Sh900,000 za mwenzako. Ikiwa jengo lako linaruhusu kila apatimenti kuwa na mita yake ya LUKU, hiyo ni bora kuliko yote, nawe utabaki na maji, ulinzi na shimo tu, ambavyo havibadiliki sana kwa tabia ya mtu mmoja.

Naongeza jambo moja ambalo wenye nyumba wengi hulikosea. Wanakataza kabisa kupika kwa umeme. Jiko la koili linalovuta kilowati moja na nusu au mbili, likichemsha maharage kwa saa mbili, linaweza kula uniti tatu au nne, na katazo hapo linaeleweka. Jiko la presha la umeme hupika maharage hayo hayo kwa chini ya uniti moja. Katazo lingetaja jiko la koili kwa jina lake, na wapangaji wangeacha kuficha masufuria.

Fundi Umeme ameandika:

Naomba niongezee kwenye suala la mita ndogo, kwa kuwa nafunga nyingi katika apatimenti za Mbezi Beach na Tegeta. Mita ndogo inayofungwa baada ya mita ya TANESCO ni kifaa cha kugawana gharama, nayo si mita ya shirika. Mambo mawili muhimu kuyaangalia ni haya. Kwanza, uliza bei ya uniti ambayo mwenye nyumba anakutoza, kwa sababu nimeona majengo ambayo mita ndogo za malipo ya kabla zimewekewa bei ya Sh500 kwa uniti wakati mita kubwa inanunua kwa Sh356, na mpangaji hajui kwamba analipishwa zaidi. Pili, mita kubwa ikiisha uniti, mita ndogo yenye uniti zako haikusaidii chochote; utakuwa na uniti kwenye kioo na giza sebuleni.

Jambo jingine ni kutu. Mashine ya nje ya kiyoyozi iliyofungwa upande wa baharini huliwa na hewa ya chumvi, mapezi yake ya aluminiamu hubomoka kama biskuti, joto halitoki, na kompresa hukaa ikifanya kazi bila kupumzika. Kiyoyozi cha namna hiyo hutumia umeme mwingi na hakipozi. Kabla ya kukubali kikomo cha uniti, tazama mashine ya nje, na uyaguse yale mapezi kwa kidole.

Mwanzisha uzi amejibu:

Fundi, ahsante sana. Kikomo cha uniti 250 kwenye nyumba yenye kiyoyozi kilichooza ni mtego, kwa sababu mpangaji atavuka kikomo kila mwezi wa kaskazi kwa kosa ambalo si lake. Kwa hiyo mkataba utaje pia kwamba matengenezo ya kiyoyozi ni ya mwenye nyumba na kwamba kitasafishwa angalau kila baada ya miezi sita. Kwa nyumba inayoiona bahari ningependa iwe kila baada ya miezi mitatu.

Mpangaji wa Bahari Beach ameandika:

Mimi swali langu ni kuhusu kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Nilihamia kwenye apatimenti iliyokaa bila mtu kwa muda mrefu, na niliponunua umeme kwa mara ya kwanza fedha nyingi zilikatwa na nikapata uniti chache mno. Mwenye nyumba anasema hilo si lake kwa sababu mita ninaitumia mimi.

Mwanzisha uzi amejibu:

Dada yangu, hilo ni lake. Kodi ya majengo ilianza kukusanywa kupitia LUKU Agosti 2021, ikiwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na tangu Julai 2023 viwango ni Sh1,500 na Sh7,500. Ni kodi ya mwenye jengo, na LUKU ni njia tu ya kuikusanya. Mita isiponunua umeme kwa miezi kadhaa, deni hujikusanya, na anayenunua kwanza baada ya hapo ndiye anayekatwa. Ujumbe wa ununuzi huonyesha makato hayo, kwa hiyo uutunze, umwonyeshe mwenye nyumba, na umwombe akate kiasi hicho kwenye kodi inayofuata. Anayekuja kupanga baada yako afanye hivi: anunue umeme wa Sh5,000 kwenye mita hiyo kabla ya kusaini, mwenye nyumba akiwepo. Kama kuna deni, litaonekana hapo hapo, na watalizungumza wakiwa bado wanahitajiana.

Mpangaji Mtarajiwa ameandika:

Narudi na mrejesho. Nimezungumza na mama, amekubali nijilipie umeme mwenyewe na amepunguza Sh60,000 kwa mwezi kwenye kodi. Maji, mlinzi na taka vimebaki ndani ya kodi, kwa kuwa maji ni ya kisima chake na hana ankara ya kunipa. Intaneti ameitoa kwenye hesabu. Nahamia Jumamosi. Je, kuna kitu cha kufanya siku ya kuingia?

Mwanzisha uzi amejibu:

Hongera, umezungumza vizuri. Siku ya kuingia, kabla mizigo haijashushwa, piga picha kioo cha mita kikionyesha uniti zilizobaki, mashine ya nje ya kiyoyozi, mabomba yote yakiwa yamefunguliwa, na tangi la juu. Panda ulifungue tangi hilo kama ngazi ipo, utazame kama boya linafanya kazi na kama maji ni safi, kwa sababu tangi lisilooshwa tangu nyumba ijengwe ndilo linaloleta minyoo na harufu bafuni. Kwa kuwa maji ni ya kisima, mkubaliane na mama kwamba pampu ikiharibika atakuletea boza kwa gharama yake ndani ya siku mbili, na uhakikishe kwamba pampu hiyo haijafungwa kwenye mita ambayo sasa utakuwa unainunulia umeme wewe. Ikiwa imefungwa humo, usimlalamikie. Mwambie mama kwamba fundi atakuja kuihamisha, na gharama ya fundi mgawane nusu kwa nusu.